Hisi zetu hulinganisha, hazipimi: mifano ya Mwaloni na ya ziwani usiku

Mkazi wa Nyegezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwa kuwa jukwaa hili lina watu wa kila fani na wengi wetu tunaishi kandokando ya Ziwa Victoria, nimeona nilete hapa mada ya saikolojia ambayo vyuoni hufundishwa kwa mifano ya maabara za Ulaya, ilhali mifano iliyo wazi zaidi imejaa kwenye soko la samaki la Kirumba Mwaloni hapa Mwanza, kwenye vivuko na ndani ya mitumbwi ya dagaa. Hoja yangu ni moja. Macho, pua, ngozi na misuli haviuelezi ubongo kiasi cha kitu kilichopo. Vinaueleza tofauti kati ya kitu hicho na kilichokitangulia, au kati yake na vilivyo jirani nacho. Hisi zetu ni mizani ya sahani mbili, na ukiiondoa sahani moja hakuna jibu la maana litakalotoka.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndiko elimu hii ilikoanzia. Ernst Heinrich Weber, aliyekuwa akifundisha anatomia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, alichapisha mwaka 1834 matokeo ya majaribio aliyowafanyia watu kwa kuwanyanyulisha vitu viwili na kuwauliza kipi kizito zaidi. Aliona kwamba uwezo wa mtu kung'amua tofauti hautegemei gramu ngapi zimeongezwa, bali gramu hizo ni sehemu gani ya uzito wa mwanzo. Kwa mzigo unaonyanyuliwa kwa mkono, sehemu hiyo ni kati ya moja ya arobaini na moja ya hamsini hivi, tena mtu akiwa ametulia na akilinganisha vitu viwili papo kwa papo. Maana yake ni kwamba mwenye sato wa kilo moja mkononi anaweza kuhisi nyongeza ya gramu 25, lakini kuli mwenye gunia la kilo 100 begani hatajua kwamba kilo nzima imepungua, na ikiwa gunia la kulinganishia alilibeba jana, hata kilo tano zinaweza kumpita. Kwa hiyo anayetaka kupunja hupunja kwenye gunia, hapunji kwenye fungu, na biashara ya magunia haina budi kutegemea mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo hata kama mnunuzi ana uzoefu wa miaka mingi.

Gustav Theodor Fechner, naye wa Leipzig, aliichukua kanuni hiyo akaipa hesabu. Wazo lilimjia kitandani asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1850, na mpaka leo baadhi ya wanasaikolojia huiadhimisha siku hiyo. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1860. Alisema kwamba ili hisia ipande hatua kwa hatua zinazolingana, kichocheo (yaani kile kinachohisiwa, kama mwanga au uzito) hakina budi kuzidishwa, hakitoshi kujumlishiwa. Chumba chenye taa moja kikiongezewa ya pili, kila mtu ataona badiliko. Ukumbi wenye taa mia ukiongezewa ya mia na moja, hakuna atakayeinua kichwa. (Fechner huyu alikuwa ameyaumiza macho yake kwa kulitazama jua kupitia vioo vya rangi, akichunguza picha zinazobaki machoni baada ya mwanga, hata akaacha kufundisha na kujifungia gizani kwa muda mrefu. Huyo hakuiandika elimu ya mwanga kwa kusikia tu.)

Kwa nini tuwe hivyo? Nadhani jibu liko katika ukubwa wa dunia tunayopaswa kuihisi. Mwanga wa jua la mchana huzidi mwanga wa usiku wenye nyota tupu kwa takribani mara milioni mia moja, ilhali mshipa mmoja wa fahamu hauwezi kupeleka zaidi ya ishara mia kadhaa kwa sekunde. Jicho lingetaka kuripoti kiasi halisi, lingelazimika kuwa pofu usiku au pofu mchana. Badala yake hujipanga upya kulingana na wastani wa mwanga uliopo, kisha hupeleka habari za kuzidi na kupungua tu. Mkaa uliomwagwa juani kwa muuzaji unarudisha mwanga mwingi zaidi kuliko karatasi nyeupe iliyo juu ya meza sebuleni saa hiyohiyo, lakini mkaa tunauona mweusi na karatasi tunaiona nyeupe, kwa sababu kila kimoja kimelinganishwa na jirani zake.

Hata tofauti ya mahali haitoshi ikiwa haibadiliki. Mwaka 1804 daktari wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza kwamba ukikaza macho kwenye nukta moja bila kuyumba, vitu hafifu vilivyo pembeni hufifia na kutoweka. Katika miaka ya 1950 watafiti waliweza kuifunga picha isisogee kabisa juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na picha yote ikapotea baada ya sekunde chache. Jicho linalotazama kitu huwa linatikisika kidogokidogo wakati wote, na bila mtikisiko huo tusingeona hata jiwe lililo mbele yetu.

Maji ya ziwa nayo ni ushahidi. Karibu na uso, joto lake hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kati ya alfajiri na mchana hayabadiliki sana. Lakini mtu aliyepozwa na upepo wa alfajiri akitia miguu majini huona uvuguvugu, na mtu huyohuyo akirudi saa nane mchana ngozi ikiwa imechomwa na jua, hushtuka kwa baridi. John Locke aliliandika jambo hili mwaka 1690, aliposema kwamba maji yaleyale yanaweza kuwa ya moto kwa mkono mmoja na ya baridi kwa mkono wa pili.

Kuhusu pua sitasema mengi, kwani naamini wapo humu wanaoijua Mwaloni kuliko mimi. Mgeni hupokewa na harufu ya dagaa kabla hajaliona banda la kwanza, na baada ya dakika chache harufu imefifia kwake ingawa hewa ni ileile. Vipokezi vilivyo juu ndani ya pua hupunguza ishara zake kichocheo kinapodumu, na ubongo nao huacha kuzishughulikia hata zile zinazofika. Karibuni tujadili.

Mama wa Mwaloni

Nashukuru kwa mada, Mkuu. Mimi nauza samaki wabichi na wakavu, na ninathibitisha kwamba harufu hiyo sisi hatuisikii, mpaka mtu arudi nyumbani aambiwe na watoto. Ndiyo maana sokoni hatumwamini samaki kwa pua peke yake. Tunafunua matamvua tuone kama yangali mekundu, tunatazama jicho kama limetuna na kung'aa au limezama na kuingia ukungu, kisha tunabonyeza nyama tuone kama inarudi. Akibaki na shaka, mzoefu humwita mtu aliyetoka nje ya soko amnusishe. Ninachotaka kujua ni hiki: je, pua zetu zimekufa kwa kazi, au zimezoea tu? Nauliza kwa sababu nikiwa palepale kwenye meza yangu, mtu akipita na chapati za moto nazisikia vizuri kabisa.

Mkazi wa Nyegezi

Shikamoo Mama. Chapati ndizo zinazojibu swali lako. Pua ingekuwa imekufa, isingesikia lolote. Linda Buck na Richard Axel walionyesha mwaka 1991 kwamba vipokezi vya harufu ni jamii kubwa sana ya vinasaba, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004, na binadamu anazo aina zipatazo 400 zinazofanya kazi. Kila harufu huamsha mchanganyiko wake wa vipokezi, kwa hiyo mchanganyiko wa dagaa ukichoka, ule wa chapati bado uko macho. Ukitoka sokoni ukakaa penye hewa nyingine, uwezo hurudi.

Niongeze jambo ambalo si la sokoni. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu ya kumshtua mtu. Huwekewa kemikali yenye uvundo makusudi ili ikivuja ijulikane. Ikivuja polepole, aliye ndani anaweza kuizoea kama mnavyouzoea uvundo wa samaki, ilhali anayeingia kutoka nje huisikia mara moja. Mgeni akikuambia kwamba jikoni pananuka gesi nawe huisikii, mwamini mgeni: funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi.

Fundi wa Mabatini

Hoja ni nzuri lakini naona mnaitanua kupita kiasi. Mimi ni fundi umeme. Kanuni ya Fechner inasema kadiri kichocheo kinavyokuwa kikubwa ndivyo nyongeza inavyozidi kufichika. Basi mwambieni huyo Fechner ashike waya. Umeme ukiwa mdogo unahisi kama sisimizi. Ukiongezwa kidogo tu, mkono unaruka wenyewe. Hapo sioni nyongeza iliyofichika, naona nyongeza iliyokuzwa. Isitoshe, jino likiuma usiku kucha halizoeleki kama harufu ya dagaa. Kwa hiyo ama hisi zote hazifuati kanuni moja, ama kanuni yenyewe ina kasoro.

Mkazi wa Nyegezi

Fundi ameigusa sehemu ileile ambayo kanuni ya Fechner ilivunjikia. Stanley Smith Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya mwaka 1957 na kazi zilizofuata, aliwaomba watu watoe namba zinazolingana na ukubwa wa hisia zao, kisha akaonyesha kwamba kila hisi ina kipeo chake, yaani namba inayoonyesha hisia hukua kwa kasi gani kichocheo kinapoongezwa. Kwa mwanga wa doa dogo gizani kipeo ni karibu 0.33, kwa hiyo mwanga ukiongezwa mara mbili, hisia haiongezeki hata kwa theluthi moja. Kwa urefu wa mstari kipeo ni 1, na ndiyo maana jicho la fundi seremala halikosei sana. Kwa umeme unaopitishwa vidoleni alipata 3.5, na hapo mkondo ukiongezwa mara mbili, hisia hupanda takribani mara kumi na moja. Ulichokisema kuhusu mkono kuruka kimepimwa.

Lakini kwa maoni yangu hilo halitoi jibu dhidi ya hoja ya ulinganishaji, linaonyesha kwamba si hisi zote zina kazi moja. Mwanga, harufu na uzito ni habari za dunia, na habari isiyobadilika haina faida. Maumivu ni king'ora, na king'ora kinachozoeleka upesi kingetuua. Kwa hiyo nakubali kwamba maumivu yanasimama upande wake.

Fundi wa Mabatini

Kwa masharti hayo nakubaliana nawe, ila uandike kwenye kichwa cha uzi kwamba maumivu hayamo.

Mvuvi wa Igombe

Wakuu, mimi nimevua dagaa tangu enzi za karabai za mafuta ya taa, na sasa tunatumia taa za sola. Wasiojua ni kwamba dagaa tunawavua siku za giza, mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika, kwa sababu mwanga wa mwezi unashindana na taa zetu na dagaa hawakusanyiki. Usiku wa msimu mzuri, taa zikiwa nyingi, ziwa linaonekana kama mji. Lakini kuna usiku mnaona taa moja tu mbali, hakuna nyingine, hakuna nchi inayoonekana wala upeo. Taa hiyo hutembea. Hupanda, hushuka, hujivuta kushoto, husimama. Watu wa mtumbwi mmoja huanza wakibishana, kisha hukubaliana kwamba inaelekea Ukerewe, na baada ya hapo kila mmoja huiona ikienda Ukerewe kweli. Asubuhi mnakuta ni mtumbwi uliotia nanga mahali pamoja usiku kucha. Wapo wanaosema ni mambo ya majini na mashetani, na wapo wanaosema ni usingizi. Sisi tulikuwa macho. Hilo nalo ni ulinganishaji?

Swali la pili: nikitoka kuitazama taa yetu nikageuka kutazama ziwani, sioni kitu kabisa kwa muda mrefu. Vijana hunicheka kwamba ni uzee.

Mkazi wa Nyegezi

Shikamoo Mzee. Umeleta mfano ulio bora kuliko yote niliyoleta mimi, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu.

Mtu hajui kwamba kitu kimesogea ila kwa kukilinganisha na kitu kingine kilichotulia: ukingo wa ziwa, paa la nyumba, taa ya pili. Taa moja ndani ya giza tupu haina jirani. Wakati huohuo macho hayatulii. Yanayumba kidogokidogo na misuli yake inapokea maagizo ya kuyarudisha, nayo maagizo hayo yanaweza kuhesabiwa na ubongo kama mwendo wa taa. Penye alama nyingine kosa hilo husahihishwa papo hapo; pasipo na alama halina wa kulisahihisha. Alexander von Humboldt, alipokuwa kisiwani Tenerife mwaka 1799, aliziona nyota zikiyumba karibu na upeo na akadhani zinayumba kweli. Baadaye ikafahamika kwamba mwendo huo ulikuwa machoni mwa mtazamaji. Marubani wa ndege za usiku hufundishwa kuhusu jambo hili mpaka leo, kwa kuwa rubani aliyekaza macho kwenye taa moja anaweza kuifuata taa ambayo haiendi popote. Wanaagizwa wasiikodolee taa moja, wayahamishe macho mara kwa mara, na wailinganishe na kitu kisichosogea. Kwenye mtumbwi, iweke taa hiyo kwenye mstari mmoja na ncha ya omo au na mlingoti, Mzee, ukikumbuka tu kwamba mtumbwi nao unageuka.

Sehemu ya makubaliano ndiyo iliyo nzito zaidi, na imefanyiwa utafiti. Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyesomea Marekani, alichapisha mwaka 1935 jaribio ambalo watu waliketi katika chumba chenye giza kabisa wakaonyeshwa doa moja la mwanga lisilosogea, kisha wakaulizwa limesogea umbali gani. Aliyekuwa peke yake alijiwekea kipimo chake mwenyewe baada ya kuulizwa mara nyingi: huyu akasema kidogo, yule akasema sana. Walipowekwa pamoja wakitaja makadirio kwa sauti, namba zao zilisogeleana mpaka zikakaribia kuwa moja. Na kila mmoja aliporudishwa peke yake, aliendelea na kipimo cha kundi. Hakuna aliyelazimishwa wala aliyesema uongo. Ubongo ulikuwa umekosa cha kulinganishia ukachukua kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa maneno ya wenzake. Ndivyo mtumbwi mzima unavyoiona taa ikienda Ukerewe. Anayesema ni majini na anayesema ni usingizi wote wanaitafuta sababu nje ya watu walio macho na wenye akili zao timamu, nami sioni haja ya kwenda mbali kiasi hicho.

Kuhusu giza: vijana wakuheshimu. Retina ina seli za namna mbili. Seli koni, zipatazo milioni 6, zinafanya kazi mchana na huona rangi. Seli fimbo, zipatazo milioni 120, zinaona gizani lakini hazina rangi. Ukiitazama taa, seli fimbo hupoteza rodopsini yake, yaani kemikali inayonasa mwanga, nayo huchukua muda kujengwa upya. Ukigeukia giza, koni hufika mwisho wa uwezo wake baada ya dakika 10 hivi, na fimbo huendelea kupata nguvu mpaka kufikia nusu saa au zaidi. Hilo humpata kila mwenye macho, ingawa ni kweli kwamba umri hurefusha muda huo. Mtu wa zamu ya kuangalia ziwani asiitazame taa kabisa, na akihitaji kusoma kitu atumie taa nyekundu hafifu, kwa sababu fimbo haziuhisi vizuri mwanga mwekundu. Na anapotafuta kitu kisichoonekana vizuri gizani asikitazame wima, bali akitazame kidogo pembeni: kitovu cha retina hakina fimbo hata moja.

Kama mtu haoni usiku kabisa hata baada ya kusubiri, hasa mtoto, hilo ni jambo jingine. Rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A, na upungufu wake huanza kujionyesha kwa kutoona jioni. Maini, viazi lishe vyenye rangi ya chungwa na mboga za kijani husaidia, lakini aende kituo cha afya kwanza.

Mvuvi wa Igombe

Marahaba. Hilo la kutazama pembeni baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo, ila hakunieleza sababu. La wenzangu kunionyesha njia ya taa kwa maneno ndilo jipya kwangu, na leo usiku nitawanyamazisha kwanza, kila mtu aniambie peke yake.

Mhaya wa Kashozi

Nanyi wa Mwanza mwezi huwazamia ziwani, ilhali sisi wa upande wa Bukoba hutuchomozea ziwani, kwa hiyo naona nina haki ya kuuzungumzia. Mwezi mpevu unapotoka kwenye maji huwa mkubwa kama sinia, na ukifika juu ya kichwa umekuwa sarafu. Nilifundishwa shuleni kwamba ni hewa nzito ya upeoni inayoukuza kama lenzi. Je, ni kweli?

Mkazi wa Nyegezi

Si kweli, na unaweza kuthibitisha kwa kidole. Nyoosha mkono na uufunike mwezi kwa ncha ya kidole kidogo unapochomoza, kisha rudia saa sita usiku: kidole kitaufunika vilevile, kwa kuwa upana wake angani ni karibu nusu nyuzi nyakati zote mbili. Picha za simu iliyowekwa kipimo kilekile zitakuambia hivyohivyo. Tena mwezi wa upeoni huwa mbali nasi zaidi kidogo, kwa umbali unaokaribia nusu kipenyo cha dunia, kwa hiyo kwa hesabu unapaswa kuonekana mdogo kidogo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona akiwa Kairo mwanzoni mwa karne ya 11, alilieleza jambo hili kama hukumu ya akili: vitu vilivyo katikati yetu na upeo huufanya upeo uonekane mbali, na kitu kilicho mbali lakini kinachojaza nafasi ileile jichoni huhesabiwa kuwa kikubwa. Wataalamu wa leo wanabishana kuhusu undani wake, lakini hakuna anayerudi kwenye lenzi ya hewa. Juu ya kichwa mwezi hauna jirani; upeoni una ziwa zima.

Mwanafunzi wa Malimbe

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba binadamu wote hulinganisha kwa namna moja. Tulisoma habari za mistari ya Müller-Lyer ya mwaka 1889: mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na mishale kwenye ncha zake mbili iliyofungwa kwa ndani na mwingine iliyofunguka kwa nje, na wengi huona wa pili ni mrefu. Segall, Campbell na Herskovits walichapisha mwaka 1966 utafiti uliohusisha jamii mbalimbali, zikiwamo Ankole na Toro nchini Uganda, wakaonyesha kwamba baadhi ya jamii za Afrika hazikudanganyika kama Wamarekani. Walisema aliyekulia ndani ya nyumba zenye kona amezoea kusoma pembe kama umbali. Basi Msukuma aliyelelewa katika msonge hana hiyo sahani ya pili mnayoisema.

Mkazi wa Nyegezi

Utafiti huo naujua na tofauti waliyoipata ilikuwa kubwa. Sina shaka kwamba mazoea huongeza au hupunguza nguvu ya ulinganishaji. Ninachokitilia shaka ni maelezo ya kona za nyumba. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa wakifanya kazi nchini India walichapisha matokeo ya watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakakaa bila kuona vizuri kwa miaka mingi, kisha wakafanyiwa upasuaji wakiwa na umri wa kati ya miaka 8 na 16. Walipoonyeshwa mistari hiyo muda mfupi tu baada ya upasuaji, walidanganyika kama wengine. Watoto hao hawakuwa na muda wa kujifunza kona za nyumba yoyote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinganishaji inaonekana imo katika mfumo wenyewe, na malezi huja juu yake. Ukifika makumbusho ya Wasukuma ya Bujora utaona kwamba hata aliyelelewa katika msonge alikuwa na vigoda, nguzo na milango ya kutosha ya kulinganishia.

Mwalimu wa Igoma

Ninafundisha sekondari na ningependa kuonyesha jambo moja darasani bila vifaa vya gharama. Lipi linafaa, na ambalo mwanafunzi hatasema ameambiwa tu?

Mkazi wa Nyegezi

Mwalimu, chukua jaribio la Mfaransa Augustin Charpentier la mwaka 1891. Tafuta ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya lita 5 na nyingine ya lita 20, uzitie mchanga mpaka kila moja, pamoja na ndoo yenyewe, ifike kilo 3 juu ya mizani. Mchanga wa ndoo kubwa uubane kwa matambara usicheze. Karibu kila mwanafunzi atasema ndogo ni nzito zaidi, tena kwa mbali, kwa sababu mkono ulijiandaa kwa ukubwa ulioonekana, na ubongo unalinganisha uliotarajiwa na uliokuja.

Kisha ziweke kwenye mizani mbele yao, waone kwamba ni sawa, wanyanyue tena. Hapo ndipo darasa litakapochangamka, kwa sababu ndogo itaendelea kuwa nzito. Flanagan na Beltzner walionyesha mwaka 2000 kwamba baada ya kunyanyua mara kadhaa vidole hujifunza nguvu sahihi kwa kila kitu, lakini mtu huendelea kuhisi kidogo ndicho kizito. Mkono umeshajua, ila hisia haijafuata.

Mwalimu wa Igoma

Nimeelewa, nitafanya wiki ijayo. Je, wafumbwe macho?

Mkazi wa Nyegezi

Kundi moja wafumbwe na wanyanyue kwa kamba iliyofungwa kwenye ndoo, wasiguse pande zake, na hao utaona tofauti imetoweka kwao. Kundi la pili watazame. Hakikisha tu kwamba kamba ni ya aina moja kwa ndoo zote mbili, la sivyo mtamaliza kipindi mkibishana kuhusu kamba inayokata vidole.